Kentucky: Baba kutoka Fizi ajifunza kupima baruti

Kila Jumamosi asubuhi, mjini Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, baba mmoja mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, huketi katika gereji ya jirani yake mbele ya mzani mdogo unaoenea kwenye kiganja. Kinachopimwa hapo ni baruti. Kwa mtu aliyeikimbia vita mwaka 1996, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kukaa kambini Nyarugusu karibu miaka 20, jambo hilo si dogo.

Jirani huyo ni mzee wa Kimarekani, fundi bomba mstaafu. Familia ilipofika, ndiye aliyewapeleka watoto hospitalini na kumfundisha baba kuendesha gari. Tangu ujana wake, mzee hupenda kulenga shabaha ya karatasi kwa bastola ya .38 Special, na risasi zake hujaza mwenyewe. Lakini siku hizi mikono yake inatetemeka, na mkono unaotetemeka haufai kupima baruti. Akaomba msaada.

Bibi yake yule baba alikataa kabisa. “Baba watoto, tulikimbia risasi, leo wewe ndiye unazitengeneza?” Baba hakuwa na jibu. Wiki mbili hakuonekana kwa jirani. Mzee naye hakuuliza mara ya pili, na ukimya huo ndio uliomrudisha baba kwenye gereji.

Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, kiwashio kidogo kwenye kitako, baruti, na kichwa kinachoruka. Ikishapigwa, ganda hubaki, na likiwa zima linaweza kujazwa tena. Swali kubwa ni moja: liwekwe baruti kiasi gani?

Baba alidhani kwamba nyingi ndiyo bora. Kule alikotoka, watu waliijua bunduki kwa mlio wake, na wenye kuibeba walijisifia mlio huo. Mzee alicheka. Karatasi haikimbii, alimwambia. Inahitaji tundu tu. Baruti nyingi huirusha bastola mkononi, na baada ya risasi chache mpigaji huanza kushtuka hata kabla ya kufyatua. Hapo shabaha imekwisha potea.

Kwa hiyo hufunguliwa kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti ile. Kitabu hutaja kipimo cha kuanzia na kikomo kisichovukwa, kwa kila aina ya baruti na kila uzito wa kichwa. Kipimo cha baruti moja hakitumiki kwa nyingine, kwani haziungui kwa kasi moja. Mtu huanza chini, halafu hupanda kidogo kidogo.

Uzito wake huhesabiwa kwa greni. Gramu 1 ni greni 15 na zaidi kidogo. Kwa risasi nyepesi ya shabaha ya .38, mara nyingi baruti haifiki greni 3, yaani gramu 0.2 hivi. Kilo moja yaweza kujaza maganda zaidi ya 5000. Na hapo ndipo penye hatari. Ganda hilo lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa baruti nyeusi ya zamani, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo hukaa chini kabisa, na mtu akiimimina mara mbili kwa kusahau, bado nafasi inabaki. Bastola yaweza kupasuka mkononi. Akisahau kuitia kabisa, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukuta njia imefungwa.

Walijaza risasi kumi kumi, kila kundi likizidi lililotangulia kwa sehemu moja ya kumi ya greni, kila sanduku na karatasi yake. Mzee alipiga akiwa ameegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Hawakutafuta tundu la katikati. Walitazama matundu yamekaribiana namna gani. Sanduku la tatu liliyakusanya vizuri. La nne, lenye baruti zaidi, liliyatawanya. Kitabu kiliruhusu kupanda tena, lakini wao walibaki na la tatu.

Kisha ikaja Jumamosi moja mbaya. Baba alikuwa ametoka kazi ya usiku ghalani, na simu ikalia katikati ya kazi: ndugu zake wa Fizi walikuwa wamehama tena. Aliongea, akafunga simu, akaendelea kumimina. Mzee alipopitisha mwanga wa tochi juu ya maganda 50, moja lilikuwa na baruti juu kuliko wenzake. Hakugomba. Aliyamwaga yote 50, akasema waanze upya. Baba aliitazama mikono ya mzee, akawaza kingetokea nini mbele ya macho yale. Tangu siku hiyo simu hubaki nyumbani.

Usiku ule alimweleza bibi yake kila kitu. Mama alikaa kimya, kisha akauliza: “Mlipima kwa kopo au kwa mzani?” Kambini, mama huyu alikuwa akisaidia kugawa unga. “Kopo likitikiswa hubeba zaidi,” alisema. “Tulipigana kwa ajili ya hilo. Mkono wako uwe mmoja kila mara, na mzani ukuhakikishie.”

Ndivyo ilivyo kwa baruti. Kifaa cha kumiminia hupima kwa ujazo, na kikitikiswa, baruti hushindiliana. Sasa baba hukivuta kwa mwendo uleule, na kila ganda la kumi hulirudisha mzanini.

Kijana wao mwenye miaka 16 naye ameomba kwenda. Mama amekubali kwa sharti moja: bastola asiiguse kwanza. Kila Jumamosi anashika tochi, anahesabu hadi 50, na anaangalia ndani ya kila ganda.