Jina la Mfua Sarafu

Kazi aliyoifanya mwandishi wa tawasifu hii kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa kupima, kusoma na kuorodhesha peni, yaani sarafu nyembamba za fedha zilizofuliwa kwa nyundo chini ya wafalme wa Waanglo-Saksoni, kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066. Mwanzoni alivutwa na wafalme wenyewe, hasa Offa wa Mercia (757–796), ambaye hata mkewe, Cynethryth, alitolewa sarafu kwa jina lake. Lakini kadiri alivyozoea kazi, ndivyo alivyozidi kugeuza sarafu upande wa pili, ulikoandikwa jina la mfua sarafu, fundi aliyewajibika kwa mfalme kuhusu uzito na usafi wa fedha.

Fundi huyo alikita muhuri wa chini katika gogo, akaweka juu yake kipande cha fedha, kisha akaushika muhuri wa juu na kuupiga nyundo. Kwa kuwa mihuri ilichakaa na kupasuka, mwandishi alijifunza kufuatilia ufa mmoja ukikua kutoka sarafu hadi sarafu, na kwa njia hiyo aliweza kutambua ipi ilitangulia ipi ingawa hakuna iliyoandikwa mwaka. Tangu mageuzi ya Mfalme Edgar ya karibu mwaka 973, jina la fundi liliandamana na la mji wake, hivyo mfalme aliweza kujua kosa limetoka wapi. Na adhabu haikuwa ndogo, maana hata kabla ya hapo sheria ya Mfalme Æthelstan, iliyotolewa Grately, ilikuwa imeamuru mghushi akatwe mkono na mkono huo utundikwe kwenye karakana yake.

Sehemu ya utafiti wake ilimpeleka Sweden, ambako peni nyingi za Mfalme Æthelred wa Pili zimefukuliwa, kwani katika utawala wake Waviking walilipwa fedha ili waache kushambulia; mwaka 991 pekee walilipwa pauni 10,000, sawa na peni 2,400,000, pauni moja ikiwa peni 240. Nyingi kati ya zilizofika huko zina alama za ncha ya kisu, ambazo wapokeaji walizitia ili kuijaribu fedha. Hapo ndipo mwandishi alipofikia hukumu aliyoishikilia hadi alipostaafu: jina la fundi lilikuwa dhamana pale tu mkono wa mfalme ulipofika, na nje ya hapo fedha ilijidhamini yenyewe.