Jina lake halikufahamika mara moja



Kila nikienda Dar, swali la kwanza kutoka kwa wenzangu niliomaliza nao Mlimani ni lile lile: "Bado uko kule porini?" Huwa nacheka tu. Wengi wao hata hawajui Saza iko upande gani. Ukiwatajia Songwe wanafikiria uwanja wa ndege, kumbe uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Ukiwatajia mto Songwe wanafikiria ule wa mpakani na Malawi, kumbe wa kwetu ni mwingine kabisa, unamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mkoa wenyewe umezaliwa 2016, kabla ya hapo sisi tulikuwa Mbeya, wilaya ya Chunya. Basi nimezoea kueleza.

Lakini swali lao nalielewa. Mtu una digrii, unaandikia gazeti, kwa nini usikae Vwawa yaliko makao makuu ya mkoa, au Tunduma penye pesa na habari? Tunduma nimewahi kukaa miezi minne. Ni mji mtamu kwa mwandishi: malori yamepanga foleni kwenda Zambia na Kongo, noti za kwacha mkononi mwa vijana, ukivuka tu uko Nakonde. Watu wa kila namna utawakuta. Ila wengi wako njiani. Dereva unayekunywa naye chai asubuhi, jioni yuko mbali. Jirani yangu wa Tunduma nilimjua kwa viatu vyake tu, alivyokuwa akiviacha mlangoni.

Saza ni kitu kingine. Hapa watu wamekuja kutafuta dhahabu na wamekaa. Na si leo wala jana. Mbio za dhahabu za Lupa zilianza miaka ya 1920, Wazungu wakaja na mabeseni yao mitoni, na nyuma yao wakaja maelfu ya Waafrika kutoka kila upande kufanya kazi ngumu yenyewe. Mgodi wa New Saza ulianza kutoa dhahabu mwaka 1939 na ukafungwa 1956, na kwa wakati wake ulikuwa wa pili Tanganyika baada ya Geita. Mtaani kwetu kuna mzee ambaye baba yake alitoka Nyasaland kuja kufanya kazi kwenye mgodi huo, akaoa Mbungu, hakurudi tena. Ukimuuliza mzee kabila lake anakujibu, "Mimi ni Msaza." Kabila hilo halipo popote, lakini hapa hakuna anayembishia. Baadaye, mwaka 2012, mgodi mkubwa wa New Luika ulipoanza uzalishaji si mbali na hapa, wakaja wengine. Na wachimbaji wadogo hawakuwahi kukoma. Wabungu, ambao ndio wenyeji, wamepokea wageni mpaka wamezoea.

Nimepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vinane vinavyotazamana, katikati ua, choo kimoja, bomba hakuna. Mama mwenye nyumba ni Mnyiha kutoka Mbozi, alikuja na mume mchimbaji, mume akafariki, yeye akabaki na nyumba na biashara ya mama ntilie pale mbele. Asubuhi nikitoka na mswaki mdomoni nasalimiwa "Mwangaluka!" na vijana watatu wa Kisukuma wanaofanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe, nikigeuka kuna "Ugonile" ya mama wa Kinyakyusa anayeleta ndizi kutoka Tukuyu, na kabla sijasukutua, Mkinga mwenye duka ananikumbusha deni la sukari kwa Kiswahili safi kabisa. Mimi ni Mpare wa Same. Kwa hiyo kila ukitokea ugomvi wowote uani, hata wa ndoo, wanasema nipishwe mbele nikafungue kesi. Eti sisi tunaweza kuuza ng'ombe kugharimia kesi ya kuku. Nimeacha kujitetea.

Hiyo ndiyo raha ninayoshindwa kuwaeleza wenzangu wa Dar. Chuoni tulifundishwa kwamba kuulizana makabila ni kukosa ustaarabu, na tukawa hatuulizani, na matokeo yake tukawa hatujuani. Hapa kabila linatajwa kutwa nzima, tena kwa sauti, na linatajwa ili mtu acheke na akae. Jioni kwa Mama meza ni moja. Kuna magege ya Ziwa Rukwa, kuna mlenda, vijana wa Kisukuma wakiletewa mzigo kutoka kwao tunakula matobolwa mpaka meno yanauma. Bishano ni ugali gani ni ugali. Nimekula pale karibu kila jioni kwa miaka miwili.

Sitaki kudanganya kwamba ni peponi. Pombe ipo, wizi upo, wafugaji na wakulima wanavutana kila mvua zikichelewa. Karasha linapiga kelele mpaka saa nne usiku. Na watoto wanachezea maeneo ambayo watu wazima wanaoshea dhahabu kwa zebaki, jambo ambalo nimeliandika mara tatu na sijaona lililobadilika.

Lakini ninachotaka kuwasimulia leo ni cha jirani yangu wa chumba cha pili.

Alikuwa Mnyamwezi. Sote tulimwita hivyo hivyo, "Mnyamwezi", wala hakulalamika. Mrefu, mkimya, miaka kama arobaini. Alikuwa akiingia kwenye duara alfajiri na kurudi mweupe kwa vumbi, anaoga, anakaa kwenye benchi la Mama upande wangu wa kushoto. Mara nyingi tulikula kwenye sahani moja. Alikuwa na kawaida ya kuniuliza, "Mwandishi, leo serikali imesemaje?" Namweleza. Anatikisa kichwa, anaendelea kula. Ukuta kati ya chumba chake na changu haufiki darini, kwa hiyo kukohoa kwake nilikujua kama ninavyojua kwa kaka yangu.

Siku moja ya Jumanne nilikuwa Vwawa kwenye kikao. Mchana nikapigiwa simu na mtu wangu mmoja: duara limeporomoka upande wa Saza, mchimbaji mmoja amefukiwa, ametolewa amekwisha kufa. Nikauliza jina. Akasema hajui, watu walioko pale nao hawajui, wanataja jina la utani tu. Nikathibitisha tukio kwa simu nyingine mbili kama tulivyofundishwa. Saa ya kufunga kurasa ilikuwa imekaribia. Nikaandika aya tatu. Mkiwa wasomaji wa magazeti yetu mnaijua aya ya kwanza kabla sijawatajia: mchimbaji mdogo wa dhahabu "ambaye jina lake halikufahamika mara moja" amefariki dunia baada ya kufukiwa na kifusi. Nimeiandika sentensi hiyo sijui mara ngapi. Mkono unaiandika wenyewe. Nikatuma, nikaenda kula chipsi.

Angalieni vizuri hapo. Yule mtu aliponiambia kwamba wanataja jina la utani tu, mimi sikuuliza ni jina gani.

Kesho yake nikaondoka mapema kurudi kupitia Mbalizi. Barabara ile mnaijua au mnaisikia, nikafika mchana. Nikaona watu wamejaa nje ya nyumba yetu, turubai limefungwa kwenye mwembe, Mama amejifunga khanga kiunoni, hajapika. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mnyamwezi wako."

Sikusema neno. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikasikiliza upande wa pili wa ukuta.

Usiku ule nilipokuwa Vwawa, kumbe, wenzangu walikuwa na kazi kubwa kuliko yangu. Hawakujua wamzike vipi. Mmoja alidai aliwahi kumsikia akiimba nyimbo za Moravian. Mwingine akasema alimwona msikitini siku ya Idd. Mama akasema hajawahi kugusa kitimoto, fundi simu akamjibu kwamba hata Wasabato hawagusi. Wakabishana mpaka usiku wa manane. Simu ilivunjika kwenye duara. Mwishowe wakafungua begi lake mbele ya balozi, na chini kabisa, ndani ya soksi, wakakuta kitambulisho cha mpiga kura na karatasi yenye namba moja ya simu. Jina la kwanza lilikuwa la Kiislamu. Namba ilikuwa ya dada yake, Urambo. Dada alilia sana, kisha akasema ukweli: ni mbali, nauli hakuna, na maiti haiwezi kusubiri. Mzikeni huko huko, mtakuwa mmetusaidia.

Baada ya polisi na daktari kumaliza kazi yao, mazishi yakapangwa alasiri. Mimi nikapewa daftari la rambirambi kwa kuwa ni msomi na mwandiko wangu unasomeka. Nikakaa mezani, pale pale tulipokuwa tukila. Watu wakapanga mstari. "Andika Mkinga wa duka, elfu kumi." "Andika vijana wa karasha, elfu kumi na tano." "Andika Mama Ndizi." Mzee wa Nyasaland akaleta elfu mbili na jembe. Nilipofika ukurasa wa pili nikagundua kwamba kati ya watu wote hao niliokaa nao miaka miwili, jina kamili nililijua la mmoja tu, Mama mwenye nyumba, na hilo ni kwa sababu ya risiti ya kodi. Nikaanza kumuuliza kila mmoja. Wengine walicheka, wakadhani ni masharti ya serikali.

Njiani kwenda makaburini, jeneza likiwa mabegani, tukasimama ghafla. Yule Mzaramo muuza mitumba wa chumba cha mwisho alikuwa amelala chali katikati ya njia. "Hapiti mtu hapa!" anapiga kelele. "Huyu Mnyamwezi mimi mtani wangu! Babu zake wamepita kwetu na mizigo ya pembe wanakwenda Bagamoyo, maji yetu wamekunywa, hawajalipa mpaka leo. Nilipwe kwanza!" Sheikh alikuwa wa kwanza kucheka. Vijana wa Kisukuma wakaanza kumtukana kwa niaba ya Wanyamwezi, yeye akawajibu, watu wakawa wanacheka na wengine machozi yanawatoka, jeneza limesimama juu. Akalipwa elfu mbili. Akainuka, akajipangusa, akaingiza bega lake chini ya jeneza na hakulitoa mpaka kaburini. Ile elfu mbili aliileta jioni nikaiandika kwenye daftari.

Hebu fikirieni. Mtu amekufa kilometa mamia kutoka kwao, kati ya watu waliopata jina lake usiku wa kuamkia mazishi, na bado amepata mtani wa kumzuia njiani kama desturi inavyotaka.

Kaburini nilishika simu, nimempigia dada yake ili asikie dua. Katikati dakika zangu zikaisha, ikakatika. Kijana mmoja wa karasha tayari alikuwa ameshatoa yake, anabonyeza namba kutoka kwenye ile karatasi. Tukamaliza na simu yake.

Kesho yake jioni nilikuwa bado najipa moyo kwamba hakuna atakayeiona ile habari. Gazeti huku linafika kwa kuchelewa, na wengi hawanunui. Nilisahau WhatsApp. Fundi simu alikuja mezani ana picha ya ukurasa, akaisoma kwa sauti, taratibu, mpaka pale kwenye jina. Akasimama hapo. Jina langu lilikuwa juu ya habari, limekolezwa wino.

Nilitegemea watagomba. Hawakugomba. Mama alinitazama tu, akasema, "Halikufahamika na nani?" Kisha akanipakulia chakula.

Nilimpigia mhariri kumwomba tuchapishe jina. Akaniambia habari imeshapita. Ana haki yake, ukurasa una bei. Nami jina lenyewe silitaji hapa, kwa kuwa dada yake hakuniruhusu, na safari hii nimeuliza.

Tangu siku hiyo nimemaliza vikao vingi Vwawa na nimeshaambiwa mara mbili kwamba nafasi ya Dar ipo nikiitaka. Sijajibu. Nusu ya watu walio kwenye lile daftari wameshahama, wamesikia rashi mpya upande wa Chunya na wengine Geita. Chumba cha pili ameingia kijana wa Kiha, mchangamfu mno, anapiga redio. Mzaramo yupo.

Ila Mama ameweka sheria moja mpya. Ndani ya mlango wa stoo yake, kwa kalamu nene nyeusi, kila mpangaji anaandika jina kamili, dini, na namba ya mtu wa nyumbani. Asiyeandika hapewi ufunguo. Yangu ni ya tatu kutoka juu, chini ya Mkinga. Nimeweka namba ya mama yangu, Same.

Jana yule Muha aliniuliza kama ni lazima kweli. Nikampa kalamu.