Isangi: Majina ya waliohama yaokolewa kwa waya mmoja

Kompyuta hiyo ya kubeba mkononi ilifika Isangi kwa boti la mbao, ikiwa imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikimbia upande wa Lubunga, ng'ambo ya Kisangani, kwa sababu ya mapigano ya Mbole na Lengola yaliyoanza mwaka 2023. Alishuka mahali mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, akiwa na mke, watoto, sufuria mbili na mashine hiyo nzee.

Ndani ya mashine mlikuwa na orodha. Jioni baada ya jioni mwalimu alikuwa ameandika majina ya familia zilizokimbia: baba, mama, watoto, kijiji walichotoka, na darasa ambalo kila mtoto alikuwa akisoma. Daftari za kwanza zililowa mvua njiani, ndiyo maana akaziandika upya katika kompyuta. Kwa watoto waliopoteza karatasi zao za shule, hakukuwa na maandishi mengine.

Asubuhi moja mashine ilikataa kuamka. Kioo kilikuwa cheusi, na maandishi meupe machache juu yake. Ilikuwa bado inatumia Windows XP, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Mwalimu aliipeleka sokoni kwa kijana anayetengeneza simu. Kijana aliona haraka kwamba inahitaji mfumo mpya, lakini hakuona njia ya kuuingiza. Kisomea CD kilizunguka kidogo, kikanyamaza. Flashi ilichomekwa, mashine ikapita kama haikuiona: mashine za umri huo nyingi hazijui kuanzia kwenye flashi. Akaifungua, akatoa diski yake ili aichomeke katika kompyuta nyingine. Meno yake ni ya aina ya zamani, hayakuingia popote.

Watu waliokuwa wamekaa pale walimwambia mwalimu aitupe. Mmoja alisema anajua mtu Kisangani atakayefuta kila kitu na kuanza upya.

"Ukifuta, umefuta watu," mwalimu akajibu.

Kila asubuhi mama mmoja alikuwa akipita pale. Mtoto wake alikuwa darasa la sita walipokimbia, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Swali lake lilikuwa lile lile: "Mwalimu, jina la mtoto lingali ndani?"

Kijana ndiye aliyekumbuka tundu la waya wa mtandao, lile la pembeni ambalo hapa hakuna anayelitumia. Kompyuta nyingi tangu miaka ya mwisho ya 1990 zina uwezo uitwao PXE, uliobuniwa na kampuni ya Intel. Mashine isiyo na kitu cha kuanzia inaweza kuuliza kupitia waya: anwani yangu ni ipi, na nianze na faili gani? Kompyuta nyingine upande wa pili wa waya huijibu, kisha huitumia faili hiyo kipande kwa kipande. Intaneti haihitajiki. Kinachotakiwa ni waya, kompyuta ya pili iliyo nzima, na programu ndogo ya bure kama dnsmasq inayojua kujibu maswali hayo.

Faili zenyewe zilikuwa nzito kupakuliwa kwa mtandao wa hapa. Zilipakuliwa Kisangani, zikateremka mto na msafiri, ndani ya flashi. Kijana alichagua Debian 12, mfumo wa bure ambao bado unakubali mashine za zamani za biti 32. Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haina tena programu ya kuusimika katika mashine hizo.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Batri ya mashine ilikufa zamani, na umeme wa paneli ya jua ulikwisha katikati ya kazi. Siku ya pili walianza mapema, jua likiwa kali.

"Papa Mwalimu, leo hatusimiki kitu kwanza," kijana alisema. "Tunatoa majina."

Kupitia waya aliiamsha mashine kwa Linux ndogo inayokaa ndani ya kumbukumbu tu, bila kuandika chochote kwenye diski. Hapo ikaonekana jambo la kushangaza: flashi ile iliyokataliwa mwanzoni sasa ilisomeka, kwa kuwa Linux ilikwisha kuamka na inajua kuiona. Orodha ikanakiliwa kwenye flashi, ikafunguliwa kwenye kompyuta ya pili ili kuhakikisha. Ndipo diski ikafutwa na Debian ikawekwa, vifurushi vyake vikitoka kwenye kompyuta ya jirani kwa waya ule ule. Kazi ilichukua hadi jioni.

Jina la mtoto wa yule mama lilikuwemo, pamoja na darasa lake. Mama hakusema mengi. Aliomba liandikwe kwenye karatasi, akaikunja na kuifunga katika pembe ya kitenge.

Lakini si yote yaliyopatikana. Ukurasa wa mwisho, ulioandikwa siku chache kabla ya mashine kuzima, haukuwa umehifadhiwa. Sasa orodha imechapwa mara tatu, kila nakala katika nyumba tofauti, na mwalimu anazunguka tena na kalamu. Familia zilizofika mwisho kutoka Lubunga zinaombwa kumpitia zikiwa na majina kamili ya watoto na madarasa yao, hata kama zilikwisha kujiandikisha kwake mara ya kwanza.