Kabla ya kulipa garanti, tutembee kwanza

Sisi wamama tunaohamia Kisangani huuliza kwanza bei ya nyumba. Tuulize pia njia. Mji una komini sita, na Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Ukipanga huko na kuuza katika soko kuu la Makiso, utalipa mtumbwi kwenda na kurudi. Zamani toleka, zile baiskeli za abiria, zilitubeba. Leo ni pikipiki, na feza ya kupeleka watoto watatu shuleni inaweza kumaliza feza ya samaki.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa garanti, tunatembea. Asubuhi tunakwenda kwa miguu hadi shule, kituo cha afya, mahali pa maji na soko dogo la mtaa. Tunarudi tena baada ya mvua kuona matope. Tunauliza majirani: mama akishikwa na uchungu usiku, atafika maternite namna gani?

Heri chumba kidogo karibu kuliko nyumba kubwa mbali. Watoto wakirudi pamoja kwa miguu, kila mama wa njiani huwaangalia.