Uyoga wa Kilifi, Vumbi la Misungwi

Bendi yetu ilikufa Jumamosi moja usiku, harusini, si mbali na stendi ya Misungwi. Wilaya ilikuwa bado changa wakati huo, imetengwa na Kwimba mwaka 1995, na sisi tulijiona wachanga na wakali vilevile. Tulikuwa wanne: magitaa mawili ya kuazima, kinanda kidogo, na ngoma zilizonunuliwa kwa fedha ya pamba ya baba yangu, fedha aliyoitoa shingo upande. Tulikuwa tumeapa kupiga rege tupu. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi alikuja mara mbili kutuomba rumba. Mara ya tatu alikuja na noti mkononi. Tukamkatalia, tena kwa majivuno. Ilipofika saa nne, waalikwa walikuwa wamehamia upande wa pili wa uzio, ambako kijana mwenye redio kaseti alikuwa akiwawekea walichotaka. Sisi tukabaki na watoto wawili na mzee aliyesinzia kitini.

Baba alikuwepo. Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, "Leo mmeshindwa mbina," akaingia kulala.

Asiyetoka Usukumani huenda asijue uzito wa kauli ile. Mbina ni ngoma, lakini ni ngoma ya kushindana. Wasukuma tuna pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, na asili ya pande hizo inatajwa kuwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia mwezi wa sita hivi, makundi mawili husimama kwenye uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kila kundi lina dawa zake za kuvuta watu, na ndiyo maana ning'i, yaani manju, hulala macho akitunga. Baba alikuwa ning'i wa Bagika. Aliimba bei ya pamba, ng'ombe walioibwa, mume aliyekimbia kodi. Wimbo wa mwaka jana hakuubeba mwaka huu hata kama ulikuwa mtamu, kwa sababu watu wameshausikia, na miguu yao haitaufuata tena.

Mimi nilimdharau kwa hilo. Niliona anawapembeja watu. Nilitaka muziki usiobadilika.

Kichekesho ni kwamba rege yenyewe tuliyoiapia ilikuwa mtoto wa mabadiliko. Jamaika ilipopata uhuru mwaka 1962 vijana wa Kingston walikuwa wakicheza ska, muziki wa mbio, gitaa likigonga pale ambapo ngoma imenyamaza. Kufikia mwaka 1966 wakaupunguza mwendo, ukaitwa rocksteady. Miaka miwili mbele ukawa mzito zaidi, besi ikatangulia, ukaitwa rege. Majina matatu katika muda usiofika miaka kumi, na mara nyingi wanamuziki ni walewale. Na huko nako watu walishindana kwa spika kubwa zilizowekwa uani, Duke Reid upande huu na Coxsone Dodd upande ule, kila mmoja akigombea umati. Baba yangu angewaelewa wale bila mkalimani. Sisi wanne, tulioimba Kiingereza cha Jamaika ambacho hakuna kati yetu aliyekijua, hatukuelewa kitu. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, Justin Kalikawe alikuwa akiimba rege yake kwa Kiswahili na Kihaya, nasi tulimwona mshamba.

Bendi niliyoidharau kuliko zote ilikuwa Them Mushrooms. Ni ndugu wa familia ya Harrison kutoka Kilifi, pwani ya Kenya: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana, Dennis Kalume. Walianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, na mwaka 1972 wakawa Mushrooms. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi rege, kwa hiyo ingetupasa kuwaheshimu. Kosa lao machoni petu ni kwamba hawakukaa hapo. Usiku mmoja kwenye hoteli za Mombasa walipiga rege, chakacha, rumba, benga, na chochote ambacho mgeni alikuwa amekisafiria. Halafu mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", alioutunga Teddy Kalanda, wimbo wa salamu na karibu ambao mtalii anaweza kuushika kwa jioni moja. Wimbo wa wazungu, tukasema, tukaumaliza.

Sasa nimezeeka kiasi na nimeusikiliza upya. Kutunga salamu ambayo mtu asiyejua lugha yako ataiimba nawe kabla hajamaliza chakula chake si kazi ndogo. Baba angeiita dawa.

Sisemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mwaka 1983 kundi la Boney M likaurekodi kwa namna yake, Ulaya ikaucheza, na kuna watu wengi duniani wanaoujua wimbo lakini hawajawahi kusikia jina la Kilifi. Maneno yake mawili mashuhuri, "hakuna matata", yaliingia kwenye filamu ya Marekani mwaka 1994, na mwaka 2003 kampuni ya Disney ikayasajili huko kwao kama alama ya biashara. Maneno ya Kiswahili! (Huku kwetu, kusema kweli, hakuna anayeyatumia isipokuwa mbele ya watalii. Sisi tunasema hamna shida.) Umati hufuata wimbo, mtunzi asipojiangalia anaachwa uwanjani peke yake. Hilo nalo baba alilijua. Nyimbo zake ziliimbwa hadi Ngudu, huko Kwimba, na watu ambao hawakumjua, na hakupata hata senti.

Kilichonibadilisha zaidi ni walichofanya Mushrooms baadaye. Mwaka 1987 walihamia Nairobi, ambako wangeweza kuishi kwa salamu ileile mpaka uzeeni. Badala yake wakafanya kazi na Fundi Konde, mzee wa gitaa ambaye nyimbo zake zilikuwa za zama za baba zao. Wakafanya kazi na Malika wa taarabu, na Queen Jane aliyeimba Kikikuyu. Wakageuza hata jina lao kwa Kiswahili, wakawa Uyoga. Mtu aliyezoea kusikiliza miguu ya wageni hotelini alikuwa bado na masikio ya kumsikiliza mzee wa nyumbani. Mimi, niliyelinda muziki wangu usichafuliwe, sikuwahi kukaa na baba yangu hata jioni moja kumwomba anifundishe namna anavyotunga.

Alifariki mwezi wa sita, msimu wa mbina. Bagika walikuja, na hata Bagalu walikuja, wakapiga hadi alfajiri, na kwa mara ya kwanza niliona makundi mawili yakipiga bila watu kuhama.

Ngoma zetu za bendi baba alikuwa ameziuza zamani kwa kwaya ya kanisa, na fedha akanunulia mbegu za pamba. Ngoma hizo zipo hadi leo, zimebadilishwa ngozi sijui mara ngapi, na Jumapili ukipita barabarani utazisikia. Yule mama wa harusini sijawahi kumwona tena, wala sikupata kujua ni rumba ipi aliyokuwa akiitaka.