Kishimo cha Maji

Watoto wa kwetu Tanga walianza kulia kabla klorokwini, dawa ya malaria, haijafika mdomoni, kwa kuujua uchungu wake. Wengine iliwawasha usiku kucha, mama akikesha kuwakuna, na baada ya wiki mbili homa ikarudi palepale. Mwaka 2001 damu ya watoto hao ilinifikia maabara ikiwa madoa makavu kwenye karatasi ya kuchujia, kila doa katika bahasha yake, namba imeandikwa kwa penseli.

PCR, mbinu ya kuzidisha DNA, nilikuwa nimejifunza London mwaka 1990, kwa mkono. Tulipewa mabeseni matatu ya maji ya moto na saa ya kuhesabia sekunde. Katika nyuzi 94, nyuzi mbili za DNA huachana. Nilifurahi sana kwamba Kiswahili kinaita kipimo cha joto na uzi kwa jina moja. Kisha unahamisha mirija kwenye nyuzi 55, vipande vifupi vya DNA vinajishika pale jeni inapoanzia, halafu nyuzi 72, kimeng'enya kinajenga uzi mpya. Kimeng'enya hicho asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndiyo maana kuchemshwa hakukiui. Mizunguko 30, na kila mzunguko unazidisha mara mbili, hata kipande kimoja kikafikia, kwa hesabu, zaidi ya bilioni moja. Huwezi kuondoka hata kwenda kunywa maji. Mpaka leo nikifungua sufuria ya wali, ule mvuke usoni hunirudisha kwenye kile chumba.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya kazi hiyo. Jeni tuliyoitafuta ni pfcrt, iliyotangazwa na watafiti mwishoni mwa mwaka 2000. Hutengeneza protini ya amino asidi 424, inayokaa kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea cha malaria humeng'enya damu yetu. Amino asidi ya 76 ikibadilika tu, laisini ikawa threonini, klorokwini inayoingia kwenye kifuko hutolewa nje kabla haijaua. Herufi moja ya jeni! Kuisoma tulitumia kimeng'enya kingine, ApoI, ambacho ni mkasi unaochagua: hukata jeni ya asili, na iliyobadilika huiacha kipande kizima. Unamimina sampuli kwenye vishimo vya jeli, unapitisha umeme, unazima taa na kuwasha ile ya urujuanimno. Mistari inang'aa rangi ya chungwa. Mistari miwili ya chini, dawa ina nafasi. Mmoja mnene juu, kimelea sugu.

Kishimo cha mwisho tulitia maji matupu, yaliyopita hatua zote kama damu. Hapo panapaswa kubaki giza.

Siku moja hapakubaki giza. Mstari uling'aa kwenye maji, mnene kama wa mtoto mwenye homa. Daktari aliyekuwa mkuu wetu aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, maji hayana malaria."

"Hayana, mzee," nikajibu, na sauti ilinikwama.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikifungua mirija iliyokwisha kuzidishwa juu ya meza ileile niliyoandalia mipya, na unyunyu usioonekana kwa jicho hubeba mamilioni ya nakala. Kazi ya wiki mbili haikuaminika tena. Mwenzangu alinisihi niiache. Nani asiyejua, alisema, kwamba klorokwini imeshindwa? Alikuwa sahihi kuhusu klorokwini. Lakini mimi nilikuwa nimeulizwa kuhusu mtoto mmoja mmoja, na nisingeweza kumjibu mama yeyote kwa mstari ambao hata maji yalikuwa nao.

Tukatenga chumba cha kuandalia, na koti lake na pipeti zake zisizovuka mlango. Nikaanza upya. Safari hii maji yalibaki giza, na watoto wengi walionyesha ule mstari mmoja wa juu.

Agosti mwaka huohuo nchi iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza, tukahamia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Malawi walikuwa wameiacha tangu 1993, na baadaye nilisoma kwamba vimelea vyenye badiliko hilo vilishuka huko kutoka asilimia 85 mwaka 1992 hadi 13 mwaka 2000. Nilisoma takwimu hizo mara tatu, nimesimama.

Ila kurudia kulitaka damu, na doa ni dogo. Bahasha chache nilizifungua nikakuta karatasi yenye matundu tu, nilikokwisha kukata doa lote mara ya kwanza. Mama zao walikuwa wamebeba watoto wenye homa mpaka zahanati, wakakubali kidole kichomwe. Kwenye daftari, mbele ya namba zao, niliacha nafasi tupu.