Kutoka Goma Kwenda Kukaa Kirotshe

Tumezoea kusikia habari za vijana watokao vijijini kwenda kutafuta maisha mjini. Leo twazungumza juu ya safari iliyo kinyume chake, yaani ya mume na mke wenye watoto wadogo, wanaofunga mizigo yao Goma ili wakaanze maisha Kirotshe, katika wilaya ya Masisi. Wengine huenda kwa hiari, kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Wengine hurudi baada ya kukimbia vita. Wote yawapasa kujua ni mahali gani wanapokwenda.

Aondokaye Goma hushika barabara ya Sake. Kulia aona mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto. Kushoto aona ziwa Kivu. Njiani hupishana na vijana wanaosukuma chukudu zilizojaa magunia ya makaa na viazi. Baada ya kilometa kama 25 hufika Sake, na hapo njia yagawanyika. Moja hupanda milimani kwenda Masisi. Ya pili hufuata ukingo wa ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Katika njia hii ya pili ndiko iliko Kirotshe, pamoja na Shasha na Bweremana.

Hapo nchi yabadilika mbele ya macho. Goma imejengwa juu ya mwamba, hata kuchimba choo ni kazi ya kuvunja mawe kwa nyundo. Huku kuna vilima vya udongo unaokubali jembe, na juu yake migomba, mihogo, maharagi na kahawa. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ni wa baridi, na mtoto mchanga ahitaji blanketi nzuri.

Kuhama si jambo geni katika nchi hii. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuziweka katika nyanda za juu za Masisi, kwa sababu ya wingi wa watu kule, na kwa sababu mashamba ya wazungu yalihitaji wafanyakazi. Kati ya 1938 na 1940 moto wa mlima Nyamulagira ulitiririka mpaka ziwani karibu na Sake, ukakaribia kuifunga ghuba ya Kabuno. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo uliunguza sehemu kubwa ya Goma. Ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, siku tano baadaye wenye amri waliwaagiza watu wa mitaa mingi waondoke, na maelfu walikwenda Sake kwa miguu, watoto mgongoni. Mwezi Februari 2024 njia ikageuka: vita vilipofika Sake, watu walikimbilia kambi za Goma. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliteka Minova, kisha Sake, na mwisho Goma yenyewe. Mwezi uliofuata wakimbizi wa kambi zile waliambiwa warudi kwao. Basi wengi walirudi wakiwa na watoto waliozaliwa kambini, ambao hawakuwa wameliona shamba la baba yao hata siku moja.

Je, jamaa changa itakuta nini? Kwanza itakuta ziwa, nalo lalisha watu. Samaki wadogo waitwao sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, hushusha wavu katikati, na taa huwavuta samaki juu. Asubuhi akina mama hununua, hukausha, na kuuza. Sambaza wenyewe ni wageni, maana waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959. Wamezaa, wameenea, na leo hakuna anayewahesabu kuwa wageni. Mama aliyezoea biashara ndogo ya mjini aweza kuanza hapo kwa mtaji mdogo kuliko ule wa duka.

Lakini ziwa hilohilo laweza kuua. Wilaya ya afya ya Kirotshe ni mojawapo ya mahali ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mtu aliyezoea bomba la mjini aweza kuona maji ya ziwa ni meupe, akadhani ni safi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kila siku, bila kuchoka. Mtoto akianza kuharisha maji matupu, msingoje kesho. Pimeni lita moja ya maji safi, mtie vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, mkoroge, mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kwa waganga. Kirotshe ina hospitali kubwa ya wilaya ya afya. Jamaa na ijue njia ya kwenda huko tangu siku ya kwanza, hata wakati wa usiku.

Jambo la pili ni mazuku, yaani ile hewa mbaya itokayo ardhini kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hulala mashimoni na mabondeni, hasa asubuhi na jioni, upepo unapotulia. Mtu mzima aweza kupita wima asidhurike, na mtoto au mbuzi akafa palepale, kwa sababu pua yake iko chini. Mkipumzika njiani, msiwaache watoto washuke mashimoni kutafuta kuni au kucheza. Mkiona ndege au wadudu waliokufa, ondokeni. Na yeyote asijitupe shimoni kumwokoa aliyeanguka bila kufikiri, maana wengi wamewafuata wenzao katika kifo.

Jambo la tatu ni shamba. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Hata hivyo, katika nchi ya Bahunde, kama penginepo vijijini, watu wangali wakipewa shamba na wakubwa wa kimila. Kwa hiyo kijana asimpe fedha mtu wa kwanza anayemwonyesha kilima. Amwendee mkubwa wa kijiji, awaulize majirani mpaka uko wapi, aandike karatasi mbele ya mashahidi. Aliyekimbia vita huenda akakuta mwingine analima shamba lake. Naye atangulize mazungumzo mbele ya wazee, maana ugomvi wa mashamba umemwaga damu nyingi Masisi. Asiye na shamba akodi kipande kwa msimu mmoja, ili ajifunze udongo na watu kabla ya kununua.

Jambo la nne ni njaa ya miezi ya kwanza. Mjini fedha huja kwa siku au kwa mwezi. Shambani huja kwa msimu. Maharagi yahitaji kama miezi mitatu, na mihogo mwaka au zaidi. Mara nyingi ni mama anayeona mapema kwamba unga utakwisha kabla ya mavuno. Kwa sababu hiyo mume asiamue safari peke yake na kumwambia mkewe siku ya kufunga mizigo. Na waketi pamoja, wahesabu vinywa na debe za chakula. Wasisahau buletini za shule za watoto, kwani mtoto anayefika bila karatasi huenda akarudishwa darasa la nyuma.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majirani wa Kirotshe, ambao wengi wao wamewahi kukimbia na kurudi, hawatauliza kwanza umesoma wapi. Watatazama kama wafika kwenye msiba, kama wasaidia kutengeneza njia, kama mkeo huwasalimu wazee. Fundi wa mbao, mshonaji, mwalimu, atakuwa na kazi. Lakini katika mwaka wa kwanza jembe litamsaidia kuliko cheti.

Mvua za kwanza huanza Septemba. Jamaa ihamayo mwezi wa Agosti, ikiwa na mbegu, jembe, na chakula cha miezi minne, yaweza kula maharagi yake kabla ya mwaka kwisha. Ile ihamayo Novemba itanunua chakula sokoni mpaka mwezi wa Mei. Kama hakuna vita wala moto wa kuwafukuza, ngojeni mwezi ufaao.